MTOTO WAKO NI MWANAFUNZI, NAWE NI MWALIMU

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Limechapwa kwa ajili ya wanafunzi wa Nangara, Babati, wapate kulisoma tena polepole baada ya kulisikiliza.

Wekeni kalamu chini kwanza. Tutaandika mwishoni.

Leo sitawafundisha herufi wala hesabu. Leo nataka tuzungumze habari za mwanafunzi mwingine. Mwanafunzi huyu yuko nyumbani kwako. Hana daftari wala kalamu. Hajui kusema, na labda hata kuketi hawezi. Ni mtoto wako mchanga. Lakini anajifunza kila saa akiwa macho, tena mwalimu wake ni wewe.

Najua wengine watanijibu hivi: “Mwalimu, mimi mwenyewe ndiyo kwanza najifunza kusoma. Nitamfundisha nini mtoto?” Swali hili ni la haki. Watu wengi wanalo moyoni, nao huona haya kulisema. Hufikiri kwamba kumfundisha mtoto ni kazi ya shule, na kwamba mzazi asiyesoma hana cha kumpa. Somo la leo ni jibu la swali hilo.

MTOTO HUANZA LINI KUJIFUNZA?

Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni mwa mama yake. Akizaliwa, tayari anaijua sauti ya mama. Macho yake bado hayaoni mbali. Huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 mpaka 30, yaani hauzidi urefu wa rula ya shule. Sasa fikiri: mama anaponyonyesha, uso wake uko mbali kiasi gani na uso wa mtoto? Ni umbali huohuo. Basi kitabu cha kwanza cha mtoto ni uso wa mama yake.

Ubongo wa mtoto hukua upesi sana katika miaka yake ya kwanza. Maziwa na chakula huujenga. Lakini chakula peke yake hakitoshi. Ubongo hujengwa pia kwa maneno, kwa nyimbo, kwa kuguswa, na kwa mchezo.

Labda mtu atauliza kama mambo haya yamepimwa. Ndiyo, yamepimwa. Nisikilizeni niwaeleze habari ya nchi ya Jamaika.

HABARI YA JAMAIKA

Jamaika ni kisiwa kilicho mbali, upande wa pili wa bahari ya Atlantiki. Mwaka 1986 na 1987, katika mji wa Kingston, Daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake walichagua watoto 129 wa watu maskini. Watoto hao walikuwa na umri wa miezi 9 mpaka 24. Wote walikuwa wamedumaa, yaani walikuwa wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kukosa lishe.

Watoto hao waligawanywa katika mafungu manne. Fungu la kwanza walipewa chakula cha nyongeza. La pili walitembelewa nyumbani kila juma kwa muda wa saa moja, na mama alionyeshwa namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto wake. La tatu walipata yote mawili. La nne hawakupata nyongeza hizo. Kazi hiyo ilidumu miaka miwili.

Waliokwenda kuwatembelea akina mama hawakuwa maprofesa. Walikuwa wahudumu wa afya wa mitaa yao. Na vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa mikono.

Miaka 20 baadaye wataalamu waliwatafuta watoto wale, ambao sasa walikuwa watu wazima. Waliuliza mshahara wa kila mmoja. Waliochezewa na kuzungumzishwa utotoni walikuwa wakipata mshahara uliozidi wa wale wasiotembelewa kwa kadiri ya sehemu 25 katika kila 100. Tena walikuwa wamewafikia wenzao ambao hawakudumaa utotoni. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2014.

Jambo hili linatuhusu sana. Uchunguzi wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 walikuwa wamedumaa. Msinielewe vibaya. Sisemi mtoto aache kula acheze. Mtoto mwenye njaa hana nguvu ya kucheza. Nasema apate vyote viwili, chakula na mazungumzo. Chakula hununuliwa, au hulimwa kwa jasho. Mazungumzo hayana bei.

Hata Serikali imeliona jambo hili. Desemba 2021 Tanzania ilizindua mpango wa taifa wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, tangu kuzaliwa mpaka miaka 8. Mpango huo unataja mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, nafasi ya kujifunza mapema, na ulinzi na usalama.

“Mwitikio” maana yake nini? Ni kuitikia. Mtoto akisema “aguu”, nawe unaitikia. Akilia, unakwenda kumtazama. Akicheka, unacheka naye. Wengine husema kwamba kumwitikia mtoto mchanga ni kumdekeza. Sivyo. Mtoto mchanga analia kwa kuwa hana lugha nyingine. Ukimwitikia, anajifunza kwamba sauti yake ina maana. Hapo ndipo kusema kunapoanza.

MICHEZO MITANO YA NYUMBANI

Sasa tuingie kazini. Nitawapa michezo mitano. Hakuna hata mmoja unaohitaji kwenda dukani.

Mchezo wa kwanza: Kuzungumza zamu kwa zamu. Huu ni wa tangu siku ya kuzaliwa. Mpakate mtoto, uso wako uwe karibu na wake. Sema neno, kisha nyamaza. Mngoje. Atatikisa miguu, au atatoa sauti ndogo. Hiyo ndiyo zamu yake. Mwitikie: “Ehee, kumbe! Halafu?” Fanya ulimi utoke kidogo, ufungue kinywa, utabasamu. Baada ya majuma machache utaona naye anajaribu kukuiga.

Mchezo wa pili: Kulala kifudifudi. Tandika mkeka na kanga safi. Mlaze mtoto kwa tumbo akiwa macho, nawe uwe hapo hapo. Lala chini mbele yake, umwite jina lake. Atainua kichwa akutazame. Hivyo anatia nguvu shingo, mabega na mgongo. Anza kwa dakika moja au mbili, uongeze kila siku. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyeanza kutambaa apate jumla ya nusu saa au zaidi kwa siku, kwa vipindi vifupi vifupi. Lakini akisinzia, mgeuze alale chali.

Mchezo wa tatu: Kayamba ya chupa. Huu ni wa miezi minne na kuendelea. Chukua chupa ndogo ya plastiki, uioshe na kuikausha. Tia ndani mbegu chache za mbaazi au mahindi. Funga kifuniko kwa nguvu, ukizungushie gundi ya utepe mara nyingi. Itikise upande wa kulia wa mtoto, kisha upande wa kushoto. Je, anageuka? Mpe aishike na kuitikisa mwenyewe. Hapo anajifunza jambo kubwa: “Nikifanya hivi, hutokea hivi.” Kila siku kabla ya kumpa, kagua kifuniko. Kikilegea, kayamba hiyo itupwe, utengeneze nyingine.

Mchezo wa nne: Yuko wapi? Huu ni wa miezi sita na kuendelea. Funika uso wako kwa kanga. Uliza: “Mama yuko wapi?” Kisha funua: “Huyu hapa!” Mtoto atacheka mpaka mbavu zimuume. Baadaye ficha kikombe chini ya kanga, nusu yake ionekane. Akikipata, siku nyingine kifiche chote. Kwa mtoto mdogo, kitu kisichoonekana ni kama hakipo. Mchezo huu humfundisha kwamba kitu kipo hata kama hakionekani. Tena humfundisha kwamba mama anayeondoka atarudi.

Mchezo wa tano: Kutia na kutoa. Huu ni wa miezi tisa na kuendelea. Mpe kopo pana la plastiki na vitu vikubwa visivyoingia kinywani chote: vijiko vya mti, vikombe vya plastiki, magunzi makubwa ya mahindi yaliyooshwa. Atatia, atatoa, atatupa chini. Usikasirike anapotupa, kwa maana anapima. Hesabu naye kwa sauti: “Moja, mbili, tatu.” Kisha sema: “Nipe kikombe.” Akikupa, mwambie: “Ahsante.” Hapo umefundisha hesabu, maneno na adabu kwa mara moja.

KITABU CHA MTOTO

Hapa sasa wewe mwanafunzi wa elimu ya watu wazima una bahati kuliko wengine. Unaweza kumtengenezea mtoto wako kitabu, nacho kitakusaidia wewe pia.

Chukua boksi kuukuu. Kata vipande sita vilivyo sawa, kila kimoja kama kiganja. Katika kila kipande chora picha moja, au bandika picha uliyoikata gazetini. Chini yake andika neno moja kwa herufi kubwa. Andika maneno ya hapa kwetu: KUKU. NG'OMBE. MAMA. KIKOMBE. SAMAKI. MLIMA. Toboa matundu mawili kila kipande, uvifunge kwa kamba.

Jioni mpakate mtoto. Fungua ukurasa, weka kidole juu ya picha, usome: “Samaki. Samaki yuko katika Ziwa Babati.” Fungua mwingine: “Mlima. Mlima Kwaraa ule pale.” Mtoto atakitafuna kitabu. Mwache, ndiyo kusoma kwake. Kikiharibika utatengeneza kingine. Nawe kila jioni utakuwa umesoma maneno sita kwa sauti mbele ya mtu asiyekucheka ukikosea.

LUGHA GANI?

Pale Babati kuna lugha nyingi. Kuna Kiiraqw, Kigorowa, Kirangi, Kimbugwe, Kibarbaig na nyinginezo, na juu ya zote kuna Kiswahili. Wazazi wengi huuliza: “Je, nikimsemesha lugha ya nyumbani, Kiswahili hakitamshinda shuleni?”

Jibu ni hili. Msemeshe kwa lugha unayoijua vizuri kabisa, ile unayochekea na kuimbia. Katika lugha hiyo una maneno mengi, hadithi, vitendawili na nyimbo za kubembeleza ulizopewa na bibi yako. Hiyo ni mali. Mtoto mchanga anaweza kujifunza lugha mbili pamoja bila kudhurika. Nyanya amsemeshe Kigorowa na baba amsemeshe Kiswahili, vyote atavishika. Umaskini wa mtoto si lugha mbili. Umaskini wa mtoto ni kimya.

Na kimya kipo cha aina nyingi. Siku hizi kuna kimya cha simu. Mzazi yupo, mtoto yupo, lakini macho ya mzazi yamo katika simu. Mwaka 1975 mtaalamu wa Marekani, Edward Tronick, aliwaonyesha wenzake jambo la ajabu. Mama alicheza na mtoto wake vizuri, kisha akaambiwa aukaze uso wake asicheke wala asiitikie. Mtoto alitabasamu ili kumwita mama. Hakuitikiwa. Akajaribu tena. Mwisho akageuza uso na kuhuzunika. Mama hakumpiga wala hakumkaripia. Aliacha kumwitikia tu.

Wala usimpe mtoto mchanga simu au televisheni iwe yaya wake. Ushauri ule wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hafai kutazamishwa vitu hivyo. Picha ya simu haiwezi kumngoja zamu yake.

KAZI NI NYINGI

Najua kuna mama anayetikisa kichwa. Anasema: “Kuna shamba, kuna maji, kuna kuni, kuna biashara sokoni. Wakati wa kucheza nitaupata wapi?”

Dada yangu, sikuombi saa nyingine. Naomba saa zilezile ulizo nazo. Unapomwogesha, taja viungo: “Huu mkono. Huu mguu. Hivi vidole: kimoja, viwili, vitatu.” Unapomlisha uji, mwambie: “Uji wa moto, tupulize, fuu.” Unapopukuchua mahindi, msimulie unachofanya, naye akiwa mbali kidogo na punje. Unapombeba mgongoni kwenda dukani, mwonyeshe mbuzi, pikipiki, mawingu. Mtoto abebwaye na mtu anayesema hujifunza njia nzima. Abebwaye na mtu aliyenyamaza husafiri tu.

Na wewe baba, usijifiche nyuma ya gazeti. Kucheza na mtoto si kazi ya wanawake peke yao. Sauti nzito ya baba nayo ni darasa. Mtoto anayerushiana mpira wa matambara na baba yake kila jioni hatamwogopa baba yake akikua. Na kama mtoto hubaki na dada yake mdogo au na yaya, mfundishe huyo michezo hii, maana huyo ndiye mwalimu wa zamu ya mchana.

HATARI ZA KUANGALIA

Mtoto hujifunza kwa kinywa. Kila anachokipata hukitia mdomoni. Kwa hiyo sikilizeni sana sehemu hii.

Punje za mahindi, maharage, karanga, vifungo, sarafu, betri ndogo na visoda vya chupa visiwe karibu naye. Vinaweza kumkaba au kumdhuru vibaya. Mifuko ya plastiki isiwe mchezo. Ndoo na beseni zenye maji zisiachwe wazi, hata kama maji ni machache. Mafuta ya taa na dawa za shamba visitiwe kamwe katika chupa za soda au za maji. Mafiga, jiko la mkaa na chungu cha uji wa moto viwe mbali na mahali pa kutambaa. Kopo lenye ukingo mkali lisitumiwe.

USIMLINGANISHE NA WA JIRANI

Watoto hawakui kwa saa moja. Shirika la Afya Duniani lilichunguza watoto wa Ghana, Uhindi, Norway, Oman na Marekani, na habari zake zikachapishwa mwaka 2006. Watoto wazima wa afya walianza kutembea peke yao kuanzia miezi 8 mpaka karibu miezi 18. Tazameni tofauti hiyo! Basi mtoto wa jirani akitembea kwanza, usimwite wako mvivu.

Lakini kungoja nako kuna mpaka. Peleka mtoto kliniki upesi ukiona mambo haya: hashtuki kwa kelele kubwa, afikapo miezi sita hageuki akisikia sauti, hafuati uso wako kwa macho, hatabasamu hata kwa mama, mwili wake ni mlegevu mno au umekakamaa, au ameacha jambo alilokuwa akiliweza. Usingoje aanze shule. Mtoto asiyesikia vizuri akijulikana mapema husaidika zaidi. Asipojulikana, ataitwa mjinga miaka mingi bure. Mchezo wa kayamba ni mchezo, lakini pia ni njia ya kuyajua masikio ya mtoto wako. Siku ya kliniki, pamoja na kupima uzito na chanjo, mwambie muuguzi mambo mtoto anayoyafanya na asiyoyafanya.

KAZI YA DARASA

Mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili wa Tanzania walikaa katika vikundi vya redio vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya. Na sisi tufuate desturi hiyo. Sasa chukueni kalamu.

Jadilianeni maswali haya:

1. Kwa nini si kweli kwamba mzazi asiyesoma hana cha kumfundisha mtoto?
2. Taja nyimbo au michezo ya watoto inayojulikana nyumbani kwenu. Ni ipi imeanza kusahauliwa? Mwulize bibi.
3. Nyumbani kwako kuna hatari gani mahali mtoto anapochezea? Utaiondoa lini?
4. Nani hukaa na mtoto mchana? Utamfundisha mchezo upi?

Andikeni sentensi hizi mara mbili kwa mwandiko mzuri:

Ninazungumza na mtoto wangu.
Mtoto ananiitikia.
Mchezo ni shule ya mtoto mdogo.

Kazi ya nyumbani: Kila mmoja atengeneze kitabu cha kurasa sita, akilete darasani juma lijalo. Asiye na mtoto atengeneze kwa ajili ya mtoto wa jirani. Mtabadilishana na kusomeana.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kudumaa: kutokua kama umri unavyotaka.
Mwitikio: namna ya kujibu mtu anapokuita au anapokuhitaji.
Kifudifudi: kulala kwa tumbo.
Chali: kulala kwa mgongo.
Kukaba: kuziba koo hata mtu ashindwe kupumua.

Ndugu zangu, wakati wetu umekwisha. Leo jioni ukifika nyumbani, kabla hujafungua daftari lako, mwendee yule mwanafunzi wako mdogo. Sema naye neno moja, kisha umngoje akujibu. Kwa herini.